Dalali wa nyumba, usiwakimbie watu wa minada: nilivyoanza kufanya nao kazi (uzi mrefu)

Fundi Ploti (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, mwaka wa kumi na moja huu. Kijiwe changu kiko Tabata, Dar es Salaam, miguu inafika Segerea, Kinyerezi, na mambo yakibana mpaka Chanika. Miaka ya mwanzo nikiona karatasi ya mnada imebandikwa kwenye geti la mtu nilikuwa napita ng'ambo ya barabara. Nilijua hao ndio wanaotuharibia soko. Mteja nimemtembeza saiti wiki tatu, jioni ananiambia shemeji yake kanunua nyumba ya mnada kwa nusu bei, kwa hiyo na mimi nishushe. Leo sehemu nzuri ya riziki yangu inatoka kwa watu hao hao, na vijana wengi wa kijiweni nawaona bado wanapita ng'ambo.

Kwanza hili jina. Kiswahili kimetuita wote madalali, na vurugu inaanzia hapo. Anayegonga nyundo ana leseni ya kunadi, chini ya sheria iliyopo tangu enzi za mkoloni. Anayetumwa na mahakama, yaani dalali wa mahakama, amebanwa zaidi: kanuni za 2017 zinamtaka awe amepata mafunzo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Mimi na wewe wa kijiweni hatuna hata kimoja. Ukimsikia dalali wa nyumba anamwambia mtu "nitakunadishia", mkimbie, huyo anatafuta kesi.

Sasa kwa nini watuhitaji? Nenda mnada wowote wa nyumba Jumamosi asubuhi, simama pembeni, hesabu watu. Utakuta arobaini. Thelathini na wawili ni majirani na bodaboda waliokuja kushuhudia. Sita ni wale vishoka wa mnada, nitawasema baadaye. Wenye hela ya kweli wawili, na mmoja wao hajawahi kuingia ndani ya hiyo nyumba hata kuona choo. Kampuni imeshapiga gari la matangazo, imelipia gazeti, imebandika karatasi mtaa mzima, na bado haina mnunuzi.

Masharti yenyewe ni magumu. Ukigongewa nyundo unalipa asilimia 25 papo hapo, na matangazo mengi ya benki yanakupa siku 14 kumaliza iliyobaki. Kwenye mnada wa mahakama ni siku 15. Nyumba ikienda kwa milioni 80, unatoa 20 pale pale umesimama juani, halafu unaenda kutafuta 60. Ukishindwa, ile 20 unaiacha na nyumba inanadiwa upya. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa spika ya gari. Anapatikana kwenye daftari la dalali aliyemtembeza miezi minne na anajua hela yake iko benki gani na mke wake anataka jiko la aina gani.

Mara ya kwanza ilikuwa nyumba ya Kinyerezi, vyumba vitatu, fensi nzima, hati ipo. Deni lilikuwa kama milioni 62. Mnada wa kwanza dau la juu likafika 55, benki ikakataa, watu wakatawanyika. Nilikuwepo kwa sababu nilifuata mteja wangu aliyenitoroka, siwafichi. Nikamfuata kijana wa kampuni ya mnada nikamwambia hii nyumba mtaani ni 95, mimi nina mtu wa 85 na kuendelea, ila hapendi kushindania nyumba mbele ya anayetolewa. Akacheka. Baada ya siku mbili akanipigia.

Nyumba haikuuzwa kwenye mnada. Mwenye nyumba mwenyewe aliuza, kwa ridhaa ya benki, kabla ya mnada wa pili. Mkataba wa pande tatu kwa wakili, mnunuzi akaingiza hela moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki ikafuta rehani, hati ikahamishwa. Iliuzwa 88. Kampuni ikarudishiwa gharama zake na ujira kidogo, mimi nikalipwa na mwenye nyumba kwa maandishi, na yule baba akabaki na kitu cha kuanzia maisha kwingine. Mnada ule wa kwanza ungepita, angetoka na deni juu.

Tangu siku ile ndivyo ninavyofanya kazi. Wengine wanadhani kushirikiana na watu wa minada ni kwenda kusimama pale siku ya nyundo ukisubiri kugawiwa. Kumbe kazi inaanza mapema zaidi. Mkopaji akishindwa, sheria ya ardhi inaitaka benki impe notisi, na siku 60 zipite kabla haki ya kuuza haijaanza. Halafu mnada wenyewe wa ardhi unatakiwa utangazwe si chini ya siku 14. Hesabu hizo siku. Kazi ya dalali wa nyumba ina nafasi humo, nyundo ikishalia hakuna kilichobaki cha kufanya.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

Kibao cha Njia

Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wenye uzoefu.

Chumvi Nyingi

Mkuu umepamba sana. Kwa lugha nyepesi unawasaidia wanaowatoa watu kwenye nyumba zao. Halafu nyumba za mnada zina machozi ndani yake. Bibi yangu alikuwa anasema hata rangi haishiki ukutani.

Fundi Ploti

Chumvi, hilo la machozi naliheshimu. Nina wateja hawanunui nyumba ya mnada hata uwape kwa bei ya banda la kuku, na wengine wananunua halafu wanaita shehe na mchungaji siku moja. Lakini jiulize: nyumba ya milioni 95 ikienda kwa 55 na ikienda kwa 88, machozi yapi ni mengi?

Mama Kachori

Mimi naongea kama niliyetolewa. Mume wangu alikopa ya biashara, biashara ikafa, nyumba ikaenda. Kilichoniumiza kuliko hata kutolewa ni kwamba hakuna mtu aliyenieleza kuwa naweza kutafuta mteja mwenyewe. Siku 60 zile nilizimaliza kwenye maombi na kwa waganga wa mikopo, wale wanaokwambia nipe laki tano nitaizuia faili. Angekuja dalali mmoja mwenye akili timamu akaniambia uza sasa hivi, ningemlipa na kumpikia pilau. Walikuja wanne, wote walikuwa wanataka kujua mnada ni lini.

Fundi Ploti

Pole sana mama yangu. Nakili hii mnaosoma: "walikuwa wanataka kujua mnada ni lini."

Nyundo Tatu

Nipo upande wa pili, nafanya kazi kwenye kampuni ya minada, sitaitaja. Mleta uzi amesema kweli kwa sehemu kubwa ila niongeze na ya kwetu, maana na nyie mna mambo.

Mwaka jana tulikuwa na nyumba Mbezi. Dalali mmoja alichukua picha kwenye tangazo letu, akakata jina la kampuni, akaweka namba yake na bei "milioni 120 maongezi yapo". Nyumba ya mnada ina bei gani kabla ya mnada, wakuu? Yeye alishajiwekea cha juu. Watu wakaja siku ya mnada wanasema tumeshamlipa mwenzenu hela ya kishika uchumba. Tulimaliza siku ile polisi badala ya kunadi.

Mwingine analeta mteja, akisikia dau limefika analotaka mteja wake, anamvuta pembeni: "Acha, mnada wa pili utashuka." Kwa hiyo ametumia gharama zetu kumfundisha mteja kusubiri. Kampuni zinaongea, jina lako likishaharibika hupati tena faili.

Tunachotaka kutoka kwa dalali wa nyumba ni kidogo sana. Jina la mteja kwa maandishi kabla ya siku ya mnada, ili kesho asije mwingine akasema ni wake. Uthibitisho kwamba hela ipo, si kwamba "anauza ng'ombe Mpwapwa". Na mteja awe ameshaiona nyumba kwa nje, ameshafanya upekuzi ardhi, yaani kuhakiki hati kwenye ofisi ya ardhi. Ukileta hivyo, kulipana hakuna ugomvi.

Kibao cha Njia

Hapo kwenye kulipana mkuu fafanua. Mnagawanaje? Sisi tumezoea asilimia kumi ya kodi ya mwaka ama mwezi mmoja kwa mpangaji, na kwenye kuuza ni maelewano.

Nyundo Tatu

Inategemea kampuni. Ujira wetu unatoka kwa benki kwa mujibu wa mkataba wetu nayo, kwa hiyo cha kukugawia kinatoka humo humo, na humo hamna minofu mingi kama mnavyodhani. Matangazo, mafuta, walinzi, na minada inayovunjika kwa zuio la mahakama dakika za mwisho, zote ni zetu.

Fundi Ploti

Niongezee hapo. Mimi nina makubaliano na kampuni mbili, ukurasa mmoja mmoja tu, yameandikwa na wakili wa Buguruni kwa bei ya kirafiki. Yanasema mteja niliyemwandikisha akishinda na akamaliza kulipa, napata asilimia moja na nusu ya bei ya nyundo. AKAMALIZA KULIPA. Mwanzoni nilikuwa nadai siku ya asilimia 25, nikajifunza. Mteja wangu mmoja aliweka 25 akashindwa kumalizia, nami nilikuwa nimeshakula yangu. Ilibidi niuze pikipiki.

Na usichukue hela pande zote kimyakimya. Ukichukua kwa kampuni na kwa mnunuzi, wote wawili wajue na iwe kwenye karatasi. Uwe na TIN (namba ya mlipakodi), toa risiti. Benki nyingine ikiona kampuni imelipa mtu asiyekuwa na karatasi yoyote inaanza maswali, na kampuni itachagua benki, haitakuchagua wewe.

Wakili wa Kona

Nimesoma nikiwa na chai, naomba nitie neno la kisheria kidogo.

Kwanza, sheria ya ardhi ya 1999 inamtaka anayeuza rehani atafute bei nzuri inayoweza kupatikana kwa akili ya kawaida. Bei ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa soko wa mali za aina hiyo, inadhaniwa wajibu huo haukutimizwa. Chukua mfano wa mleta uzi: soko 95, robo yake ni kama 23.75, kwa hiyo chini ya 71.25 benki inaanza kuingia kwenye hatari. Hilo dau la 55 lisingekubalika kirahisi. Hapa dalali wa nyumba ana thamani ambayo wengi hamuijui: nyie ndio mnajua nyumba za jirani zimeuzwa kiasi gani mwaka huu. Mthamini anayo ripoti yake, na lazima iwepo, lakini orodha yako ya mauzo matano ya mtaa ule inaisaidia kampuni na inaisaidia benki kuweka bei ya chini isiyo ya kutunga.

Angalizo: hiyo ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi. Msiende mtaani kusema "bei ikishuka robo chini ya soko mnada ni batili". Na mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa sana, mara nyingi aliyeonewa atabaki kudai fidia kwa benki huku nyumba imeshakwenda.

Pili, ridhaa ya mwenza. Nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume, kesi hiyo itakufuata. Dalali wa mtaani anajua kama mzee ana wake wawili. Hati haisemi hivyo.

Tatu, mtofautishe mnada wa rehani na mnada wa kukazia hukumu, yaani kutekeleza hukumu ya mahakama. Kwenye hukumu ya deni la kawaida, nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inailinda isikamatwe. Ukiona nyumba ya makazi inanadiwa na dalali wa mahakama, uliza hukumu inatokana na nini kabla hujampeleka mteja.

Chumvi Nyingi

Wakili umenifundisha kitu. Nilikuja kubishana, naona nabaki kusoma.

Mkamba wa Kitengela

Habari zenu watani. Huku kwetu Kenya mambo yanafanana ila majina yamegeuka. Ukisema dalali hapa mtu anamwona mwenye nyundo anakuja kubeba sofa. Anayeuza ploti tunamwita wakala au broka. Na huyo wakala kisheria anatakiwa asajiliwe na bodi ya mawakala wa mali, ingawa ukipita Kitengela utaona vibao vingi kuliko waliosajiliwa.

Siku zetu ni nyingi kuliko zenu: notisi ya miezi mitatu kwanza, halafu notisi ya kuuza ya siku 40, halafu mwenye nyundo naye anatoa siku 45 za kukomboa. Na ile ya robo chini ya soko tunayo pia. Kwa hiyo mbinu ya Fundi Ploti huku ina nafasi kubwa zaidi, mtu ana karibu nusu mwaka wa kutafuta mnunuzi. Wengi wanautumia kutafuta zuio kortini.

Fundi Ploti

Asante jirani. Nirudi kwa vishoka wa mnada niliowaahidi.

Hawa ni watu wanaozunguka mnada hadi mnada, hawana hela ya kununua hata bati. Wanakuja kwa mnunuzi wa kweli wanamwambia, "Tupe laki tatu tatu, hatutapandisha." Usipotoa, wanapandisha dau mpaka unakata tamaa, au wanapandisha halafu wanatoweka. Wengine wanatumiwa kinyume, kupandisha kwa makusudi. Ukianza kazi hii watakuja kwako wa kwanza kabisa, kwa sababu wewe una wateja. Watakuita bosi. Sijawahi kukaa nao na sitakaa, maana kijana wa kampuni akikuona unanong'ona nao mara moja tu, daftari lako limefungwa. Na wewe mwenyewe usijitie kutoa dau kwa kificho kwenye mnada ambao kampuni imekuandikisha. Kwenye minada ya mahakama mtu mwenye jukumu lolote katika mauzo haruhusiwi kabisa kununua, moja kwa moja wala kwa kupitia mwingine. Ishi kwa kanuni hiyo hiyo hata kwenye ya benki.

Kitu kingine kinachowapa thamani ni macho ya mtaani. Tangazo linasema "nyumba ya makazi, kitalu namba fulani, Kimara". Halisemi kwamba upande wa mbele umo kwenye hifadhi ya barabara. Waliobomolewa kando ya barabara ya Morogoro mwaka 2017 wanajua ninachosema. Halisemi maji ya bonde yanafika dirishani kila masika. Halisemi kuna fremu tatu mbele na wapangaji wameshalipa kodi ya mwaka. Mimi naandika hayo yote kwenye karatasi moja, naipeleka kwa kampuni NA kwa mteja wangu. Mwanzo kampuni ilininunia: "Unatuharibia." Nikawaambia mnunuzi akiyajua baada ya kulipa 25 atawakimbia, mtaanza upya. Sasa wananipigia wenyewe: "Fundi, hebu kaangalie hii ya Segerea kabla hatujatangaza." Hiyo wananilipa nauli na kitu kidogo hata kama sileti mteja.

Pwani Moja

Mimi niko Muscat, mzaliwa wa Tanga. Naweza kununua kupitia mtu kama wewe bila kurudi?

Fundi Ploti

Ukiwa bado raia, ndiyo, kwa hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili, na umpe ndugu unayemwamini. Usimpe dalali, hata mimi usinipe. Kama ulishachukua uraia mwingine, simama hapo hapo uonane na wakili kwanza: asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji. Mnada hausubiri uulize hayo baada ya nyundo.

Nyundo Tatu

Na hela iwe Tanzania tayari. Tumeshapoteza wanunuzi wawili wa nje kwa sababu benki ya huko inauliza maswali wiki mbili nzima, na wiki mbili ndizo tulizonazo.

Bint Tanga

Swali la mwanamke wa kazi hii: unaanzaje kuingia kwenye ofisi zao? Nilikwenda moja, nikaambiwa acha namba. Niliacha 2022.

Fundi Ploti

Hahaha dada, hiyo namba bado iko kwenye droo. Usiende kuomba kazi. Soma matangazo ya wiki hii, chagua nyumba moja iliyo kwenye eneo lako, moja tu. Ichunguze kama nilivyosema, tafuta bei za nyumba tatu za jirani zilizouzwa, halafu ingia ofisini na hiyo karatasi na jina la mteja mmoja. Mimi niliacha namba ofisi nne. Iliyonipigia ni ile niliyowaambia nyumba yao ni ya 95.

Kibao cha Njia

Wakuu narudi. Leo nimepita Segerea nimeona karatasi kwenye geti la bluu, mnada wiki ijayo Jumamosi. Nina mteja wa maeneo hayo kabisa, anayo hela. Nigonge geti?

Fundi Ploti

Usigonge bado. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa umsalimie, mwambie wewe ni nani na unataka nini, akupeleke yeye. Mwenye nyumba kwa sasa kila anayebisha hodi ni adui. Ukiingia, usiulize mnada ni lini. Uliza deni limebaki kiasi gani na kama wameongea na benki wiki hii. Siku zimebaki chache, inawezekana umechelewa, basi mteja wako atakwenda mnadani kama wengine na wewe umwandikishe mapema. Piga picha karatasi yote, hasa chini palipo na jina la kampuni, nitumie.

Kibao cha Njia

Nimetuma mkuu. Ila nimepiga picha nikainua macho, kuna mama yuko dirishani ananiangalia.

Mama Kachori

Msalimie kwanza, mwanangu. Ya mwenyekiti yatafuata.